Kipuri cha Zamani Arudishiwe Mwenyewe

4 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila jicho la kulia limeshafunga duka na la kushoto linafuata. Barua hii naisema mimi, anaandika jirani yangu Kinyozi, kwa hiyo ukiona mwandiko umelala usidhani ni mimi niliyechoka. Simu nimeizima na betri nimeitoa. Najua utanuna. Lakini asubuhi nilizungumza habari za viatu, na jioni simu ya Kinyozi ikaanza kumletea matangazo ya viatu. Aliyezungumza ni mimi, si yeye. Hilo wewe msomi utalieleza vipi?

Kliniki nimekwenda kama ulivyonisumbua. Dada wa pale kaniangalia kwa tochi, kasema ni mtoto wa jicho, tena ameiva, nipasuliwe. Kuna daktari bingwa wa macho amekuja, atakuwepo mpaka mwisho wa Juni, na akiondoka hajulikani atarudi lini. Nikamuuliza yule dada swali moja tu: mkinipasua, mnatoa nini? Akacheka. Akanishika bega, akaniambia, "Mzee, usiwe na wasiwasi." Mwanangu, mimi nimekaa kwenye meza ya saa tangu kabla hujazaliwa. Mteja akiniuliza nimetoa nini kwenye saa yake, simshiki bega.

Huku watu wanasema mengi. Wanasema ndani ya jicho la mtu mzima kuna kitu kinachouzwa mbali kwa bei ya gari. Siamini kila ninachosikia. Lakini pia sikatai kila ninachosikia. Wewe unafanya kazi hospitali, hata kama ni stoo ya dawa. Niambie: wanatoa nini?

Na ile saa yako niliyoitengeneza imefika? Inakwendaje?

Baba yako,
Fundi Saa

(Mimi Kinyozi nakusalimu pia. Hiyo habari ya bei ya gari sikuianzisha mimi.)


15 Machi

Baba yangu, shikamoo.

Barua imefika na nimecheka kidogo, nisamehe. Baba, hawatoi kitu. Wanasafisha tu. Ni kama dirisha lililoingia ukungu. Wanafuta, unarudi nyumbani jioni. Haya ningekueleza kwa simu ukiwa bado unameza chai, lakini ndiyo hivyo, betri umeitoa.

Tafadhali usisikilize maneno ya pale kwa Kinyozi. Mjomba, najua ndiwe unayesoma. Shikamoo na wewe. Nakuheshimu, lakini mtu akikaa kwenye kile kiti chako, akishafungwa shuka shingoni, anasema lolote linalomjia, na anayengoja zamu anaondoka nalo.

Nenda, Baba. Mwisho wa Juni si mbali. Hapa kwetu nimeona watu waliochelewa, jicho likavimba kwa ndani na maumivu yake hayasemeki, na baada ya hapo hakuna daktari anayeweza kulirudisha.

Saa imefika. Inakwenda vizuri sana, asante. Nimeivaa hapa ninapoandika.

Binti yako


29 Machi

Mwanangu,

Kinyozi alisoma barua yako kwa sauti, akafika pale ulipomtaja, akakohoa, akaendelea. (Sikukohoa kwa hasira. Ni vumbi la nywele.)

Sasa sikiliza. Fundi Viatu, yule wa kona, kapasuliwa. Anasema alikuwa macho wakati wote na alimsikia daktari akisema, "Imetoka," halafu, "Lete nyingine." Imetoka nini? Lete nyingine ipi? Alipouliza, akaambiwa wameitoa lenzi yake ya kuzaliwa wakamwekea ya plastiki. Plastiki, mwanangu! Na wewe uliniambia wanafuta dirisha. Kati yako na Fundi Viatu, mwongo ni nani? Yeye sioni faida atakayoipata. Tena anaona vizuri, hilo halikatai. Kaanza hata kukosoa viatu alivyoshona mwenyewe mwaka jana. Lakini lenzi yake ya zamani iko wapi? Hajui. Hakupewa.

Unakumbuka ulipokuwa mdogo, ukinisaidia kukunja vikaratasi? Nikibadilisha kipuri, kile kibovu namfungia mteja kwenye karatasi, namrudishia pamoja na saa yake. Wengine wanakitupa hapo hapo nje, shauri yao. Fundi asiyerudisha kipuri cha zamani, ama hakubadilisha kitu, ama alichokitoa kilikuwa kizima.

Kuna jingine. Siku hizi nikipita watu wananyamaza. Juzi nimeingia hapa kwa Kinyozi, walikuwa wanazungumza, wakakata kama redio iliyochomolewa. (Ilikuwa habari ya mpira.) Wateja wananishukuru haraka mno. Kuna jambo linafanyika karibu yangu na mimi siambiwi. Sijawa mwehu, mwanangu. Nakuuliza tena, na safari hii usinishike bega: wanatoa nini, na wanakipeleka wapi?

Baba yako,
Fundi Saa


12 Aprili

Baba yangu, shikamoo.

Fundi Viatu ndiye msema kweli. Lenzi iliyoingia ukungu inatolewa na inawekwa ya plastiki. Nilikudanganya kwa sababu niliogopa ukisikia neno "kutoa" utakataa moja kwa moja. Nisamehe.

Nikaamua safari hii nisikuandikie kitu cha kusikia. Nikatoka stoo nikaenda kuuliza hapa hapa kwetu: lenzi ikishatoka, inakwenda wapi? Nesi wa chumba cha upasuaji akasema inatupwa kwenye ndoo ya njano. Mfagizi akasema ndoo za njano zinachomwa kwenye tanuri nyuma ya chumba cha kufulia. Nimekwenda nyuma ya chumba cha kufulia. Tanuri limeshika kutu na ndani yake paka amezaa. Nikamrudia mfagizi, akasema, "Ah, siku hizi linakuja gari kuchukua." Gari la nani? "La hao wanaochukua." Nikaenda kwa daktari mkuu. Akavua miwani, akaniangalia, akaniuliza, "Nani amekutuma?"

Baba, swali lile limenikaa rohoni. Kama ni taka tu, kwa nini aulize nani amenituma? Halafu najijibu mwenyewe: mtu wa stoo anatoka kazini kuja kuulizia ndoo za taka, nawe ungekuwa daktari mkuu ungedhani nini? Lakini gari nimeliona. Jeupe, halina maandishi. Dereva hasalimii mtu. Nimeanza kulivizia dirishani mpaka nikampa muuguzi maboksi ya glavu alipokuwa ameomba bandeji. Sijui nategemea kuona nini. Nilikaa nikuandikie nikuondoe wasiwasi, naona kama wewe ndiye umeniambukiza.

Nenda ukapasuliwe hata hivyo. Najua maneno haya hayakai vizuri na niliyoyasema hapo juu. Mimi pia nimeyasoma mara mbili na hayakai.

Binti yako


24 Aprili

Mwanangu,

Gari jeupe! Lisilo na maandishi! Kinyozi kaisoma barua yako mara mbili, mara ya pili na wateja wote wakisikiliza. (Waliniomba.) Gari lako limeshafika sokoni. Jana nimelisikia likirudi huku, yamekuwa mawili, na dereva kageuka kuwa daktari. Fundi Viatu kalifunga jicho lake tena kwa kitambaa, anaogopa wasije wakalifuata.

Sina hasira na wewe. Ulinidanganya, umeomba radhi, yamekwisha. Tena nikuambie kitu: tangu niugue, wewe ndiwe mtu wa kwanza kuniambia "sijui." Yule dada wa kliniki anajua, Kinyozi anajua, Fundi Viatu anajua, mtaa mzima unajua. Kila mmoja anajua lake na hayalingani.

Lakini sitakwenda. Kama watu walio ndani humo hawajui ndoo inakwenda wapi, mimi niwape jicho kwa ushahidi gani? Nikibaki na giza, angalau ni giza langu.

Kazi naendelea nayo. Vidole vinajua njia. Jana nimemaliza saa ya Mwalimu, kaipokea kaitia mfukoni. Zamani alikuwa anaiweka sikioni kwanza, tena mbele yangu, bila aibu. Sijui kwa nini siku hizi haiweki. Hilo nalo nalifikiria sana.

Baba yako,
Fundi Saa


26 Aprili

Binti yangu,

Hii naandika mimi Kinyozi peke yangu, na babako hajui.

Saa anazotengeneza haziendi. Nimesema. Anaweka gurudumu juu chini, skrubu inamdondoka anafunga bila hiyo. Mteja wa kwanza aliyerudi na saa yake nilimdaka mlangoni kwangu kabla hajafika kwa babako. Nikamwambia, nipe mimi, nitaipeleka kwa fundi wa sokoni, mzee asijue. Akaja wa pili. Sasa mtaa mzima unafahamu: ukitoka kwa mzee, pitia kwa Kinyozi. Nina boksi la saa zao chini ya kioo changu. Ndiyo maana akiingia tunanyamaza. Ndiyo maana Mwalimu haiweki saa sikioni. Anajua hatasikia kitu, na hajui atengeneze uso wa namna gani. Siku hizi tunakaa tunapanga nani atampelekea saa wiki hii asije akakosa kazi, na nani atasema nini. Tulianza kwa mapenzi. Sasa hata sijui tunatokaje humu.

Umeandika kwamba watu wanasema lolote kwenye kiti changu. Mimi ninayoyasema nayaamini. Mke wangu aliingia hospitali kwa miguu yake na hakutoka. Nikauliza ilikuwaje mpaka nikachoka kuuliza, wakanipa mfuko wa nguo zake. Mtu akija akaniambia kuna watu waliokaa mahali wakapanga, binti yangu, angalau napata wa kumkasirikia. Bila hivyo ni mimi na mfuko. Lakini siku hizi nikimwona babako anavyopapasa ukuta kuitafuta meza yake, nalala na mawazo. Pengine mdomo wangu ndio unaompofusha. Pengine ndio unaomwokoa. Nikikaa upande huu naona hivi, nikigeuka naona vile.

Tafadhali, habari ya saa usimwambie. Itamuua.

Kinyozi


8 Mei

Mjomba, shikamoo.

Habari ya mfuko wa nguo nilikuwa siijui. Pole sana, na nisamehe kwa yale maneno ya kiti.

Humu ndani kuna barua ya Baba. Nimesema kila kitu. Ningeweza kuwatumia Fundi Viatu au Mwalimu wamsomee, lakini nataka uisome wewe. Ukiruka mstari atajua, kwa sababu wewe huwezi kudanganya bila kukohoa.

Binti yako


8 Mei

Baba yangu, shikamoo.

Huna wazimu. Unafichwa kitu kweli, na mtaa mzima umo, na mimi nimo.

Saa unazotengeneza haziendi, Baba. Wateja wako wakitoka kwako wanazipitisha kwa huyu anayekusomea, naye anazipeleka kwa fundi wa sokoni. Ndiyo maana wananyamaza. Wanakupenda na walikosa njia nyingine. Mwalimu hakuweka saa sikioni kwa sababu hakutaka kukutazama ikiwa kimya.

Na yangu haijawahi kwenda hata siku moja. Ilifika imesimama. Niliivaa nikakuandikia inakwenda vizuri sana, kwenye karatasi ile ile niliyokuandikia kwamba hawatoi kitu. Pua yako ilisikia harufu ya uongo, na haikukosea. Ila ulikuwa unaufuata kwa madaktari, na sisi tuko hapo karibu tunakunywa nawe chai.

Gari jeupe linakwenda wapi, mpaka leo sijui. Nimeuliza tena nikaambiwa kuna shimo mahali nje ya mji. Shimo sijaliona. Siwezi kukuhakikishia nisilolijua, na nikikuhakikishia hutaniamini, na ni haki yako. Ninachokijua ni hiki: hapa watu wanaingia wakishikwa mkono na wanatoka wakitazama huku na huku. Nimewaona mwenyewe kutoka dirisha la stoo. Hayo tu. Mengine naomba, Baba. Sina tena cha kukueleza, nakuomba tu.

Binti yako


30 Mei

Mwanangu,

Hii naandika kwa mkono wangu. Nimeweka rula chini ya mstari. Mistari ikigongana vumilia.

Kinyozi alisoma. Alipofika kwenye saa akakohoa. Nikamwambia soma. Akasoma mpaka mwisho, akaanza kulia, nami nikamtukana matusi ambayo mama yako angekuwa hai angenisuta. Nikasimama niondoke. Nikaukosa mlango. Ikabidi huyo huyo niliyemtukana anishike mkono anitoe nje. Pale ndipo niliposhindwa, mwanangu, si kwenye saa.

Meza sijaifungua tangu siku hiyo. Hamkuwa na haki. Mngeniambia tu, "Mzee, saa haziendi." Ningefoka, ningesusa, yangepita. Lakini usinicheke: pamoja na hasira, nilisikia raha. Nilikuwa nimeanza kudhani akili inanitoka, nasikia vitu visivyokuwepo. Kumbe vilikuwepo. Nilikaa kitandani najiambia, kumbe vilikuwepo, kama mtu aliyepewa zawadi.

Sasa sijui nishike lipi. Kama kila mtu anayenipenda aliweza kunificha, asiyenijua atashindwa? Halafu nageuza: kama Kinyozi, mtu mwenye mdomo ule, alikuwa na siri na bado ni mtu mwema, basi hata hao wenye ndoo huenda ni watu tu. Nimezunguka hapo mpaka kichwa kimeuma.

Nitakwenda. Masharti mawili. Kipuri changu cha zamani nirudishiwe, kimefungwa kwenye karatasi. Na wewe uwepo, ukitazame tangu kinatoka kwangu mpaka kinafika mkononi mwako. Si nesi, si Kinyozi. Wewe uliyesema hujui.

Baba


9 Juni

Baba yangu, shikamoo.

Nimeongea na huyo daktari bingwa kwa simu ya kliniki yenu. Nilijiandaa kuchekwa. Hakucheka. Alisema hakuna aliyewahi kumwomba hivyo, kisha akaniuliza ni kwa nini, nikamweleza habari ya vikaratasi. Akasema jicho lililoiva kiasi hicho, lenzi hutoka nzima, imekakamaa. Ataanza na la kulia. Ndani sitaruhusiwa, lakini mlango una kioo. Nitasimama hapo, naye akishaitoa atainyanyua juu niione, na itakuja kwangu kwanza kabla ya ndoo yoyote.

Ruhusa kazini nimepata. Karatasi naja nayo, nimeshaikunja. Usimeze maneno ya watu mpaka nifike.

Mjomba Kinyozi, kama ndiwe unayesoma hii, naomba umsindikize mpaka getini. Kuingia si lazima. Najua.

Binti yako


20 Julai

Mwanangu,

Umeuona mwandiko? Sijatumia rula.

Tangu uondoke kila siku nagundua jambo. Ukuta wa chumba changu ni wa kijani. Nilikuwa nimeshauzoea kuwa kijivu. Kinyozi amezeeka vibaya. Pia macho yake nayo hayako sawa, maana wanaume wa mtaa huu wote wananyolewa upogo, na wamemvumilia kimya kimya kama walivyonivumilia mimi. Nimemwambia. Amefoka, amesusa, jana amerudi. Ameniuliza kama daktari yule akirudi kwa ajili ya jicho langu la kushoto, tutakwenda wote wawili. Nimesema tutakwenda.

Sasa habari ya kile kipuri. Leo nimekifungua mezani, lenzi yangu ya ufundi jichoni, jicho jipya. Kidogo kama punje ya dengu, rangi ya kahawia. Nimekigeuza asubuhi nzima. Hakina jina, hakina namba, hakina alama. Kinyozi akaja akasimama nyuma yangu, akaniuliza, "Sasa utajuaje kama ni chako? Huenda wana chupa nzima, kila mzee mbishi wanamtolea kimoja."

Nimekaa nalitafuta jibu. Nikaangalia tena. Nikuambie ukweli, mwanangu, halipo. Mimi ambaye vipuri ni kazi yangu, nilikidai miezi yote ile kama ushahidi, na nimekipata, na hakithibitishi kitu. Kingeweza kuwa cha mtu yeyote. Mwishowe nikajisikia namwambia, "Binti yangu alikuwa mlangoni." Kinyozi akasema, "Aa." Akarudi kwenye kiti chake. Sijui kama lile ni jibu la maana. Ndilo nililonalo, na nimelala nalo mchana huu vizuri kabisa.

Gari jeupe bado linanisumbua. Ukiliona shimo niandikie. Simu bado nimeizima, hapo hamjanishinda.

Kinyozi kaniletea lile boksi, na saa ambazo hakuwahi kuzipeleka sokoni. Nimezifungua. Niliyoyaona mle ndani ni aibu yangu, siyaandiki. Nimeanza kuzirudia moja moja. Leo Mwalimu kaja kuchukua yake. Alisita, akanitazama, kisha akaiweka sikioni, pale pale mbele yangu. Akasikiliza. Nilitaka kumkumbatia.

Na wewe nitumie yako. Nitaifungua upya, na nitakachokitoa nitakufungia kwenye karatasi. Ikifika, isikilize. Kama imesimama, mwanangu, niambie imesimama.

Baba yako,
Fundi Saa